Wazee Wanaotoka Nje Kitabu Kikisomwa

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, salamu zako zimefika hapa Ushirombo. Mama yako Rehema hajambo, yuko Katoro na duka lake la vitenge. Sisi wazima, ila kwenye ile picha uliyotuma naona umekonda. Unakula kweli huko chuoni?

Kile kitabu kipya ulichotuletea, cha watu waliopelekwa kwa shuruti kwenye mashamba ya mkonge, katekista anatusomea kila Jumapili. Unauliza mbona wazee wanatoka nje katikati, na kama uandike chuoni kwamba wamekikataa. Usiandike hivyo kwanza, mama.

Nikiwa msichana tulikuwa tunalima kwa jirani, watu wengi, majembe yanafuata wimbo. Nikaanzisha wimbo ambao baba alirudi nao kutoka mkonge. Nilijua ni wa kuchangamsha kazi tu. Baba akaacha jembe, akaenda kukaa pembeni. Nikamfuata huku naogopa.

“Baba, nimekukosea?”

“Hapana, mayu, mwanangu. Umeimba vizuri kuliko sisi. Huo tulikuwa tunaupaza ili mwenzetu akilia, mnyapara asimsikie.”

Akainuka, akarudi kwenye tuta, akaniambia niuanze upya.

Basi Jumapili iliyopita niliwafuata wale wazee nje. Niliwakuta wamekaa chini ya dirisha la kanisa, wengine wanafuta machozi. Mmoja akaniambia, “Mama Rehema, hebu mwambie katekista apaze sauti. Huku hatusikii vizuri.”

Andika hivyo.

Ni mimi bibi yako,
Mama Rehema