Nyangi na Jaribio la Maumbo

Jumatatu, 12 Mei
Tumeamka wote. Mama mkwe mzima, kifua tu. Ghati mdogo mzima, meno yanamtoka, ananing'ata. Dada yake, Nyangi, mzima ila hasemi. Baba yao huko Bunda kazini mzima, kapiga jana. Kuku wazima. Mimi mzima, wasiwasi tu.

Nimekata blauzi mbili za watu. Nyangi kaenda shule, uji kaacha nusu. Ijumaa wana jaribio la hisabati, maumbo. Baba yake kasema akifeli tena anaenda Butiama kumsaidia shangazi yake aliyevunjika mguu. Shule atarudi baadaye. Naijua hiyo baadaye. Nilikuwaga darasa la nne nikaambiwa hivyo hivyo.

Jumanne, 13 Mei
Nimemwomba Nyangi anifundishe, ili nami nimsaidie. Mraba, mstatili, duara, hayo najua. Trapeza sijawahi kuisikia. Pembe kali imebana. Butu imeachama. Pembe mraba kama kona ya meza, nyuzi tisini. Nimezishika.

Halafu kuakisi, kuhamisha, kuzungusha. Hapo tukazama wote. Nikamuuliza. Nikamuuliza tena. Akalia.

"Mama, ukiniuliza wewe, hata ninachojua kinakimbia."

Imeniuma. Ni kweli.

Jumatano, 14 Mei
Hofu tupu. Nimeunguza dagaa.

Wifi kapiga kutoka Butiama. Anauliza mtoto atakuja na godoro au alale kwenye la kule. Hana ubaya, mguu unamuuma na yuko peke yake. Ila nilitamani kukata simu. Nikasema tutaona, wifi.

Alhamisi, 15 Mei
Nimeharibu kitambaa changu cha sare ya kina mama wa kanisa. Siku zote nakunjaga kitambaa, nakata mara moja, vinatoka vipande viwili vya mbele vinavyotazamana, kulia na kushoto. Leo kilikuwa kifupi, hakikunjiki. Nikaweka karatasi ya kukatia, nikakata. Nikaisogeza pembeni, nikakata tena. Akili iko kwenye trapeza. Kuja kushika vipande, vyote vya upande wa kulia. Nikakaa chini.

Nyangi karudi, kavitazama. "Mama, mwenye hii sare ana kulia mbili?"

Nilitaka kumchapa, nikacheka. Akachukua karatasi, akaisogeza. "Ulifanya hivi. Umehamisha." Akaigeuza kama chapati, upande wa chini ukaja juu. "Ungefanya hivi, kama kwenye kioo. Hii ndiyo kuakisi."

Akaniangalia kama mtu aliyeshtuka. Kisha akaanza tena mwenyewe, anageuza, anazungusha, mezani, sakafuni, mpaka Ghati anaonyeshwa. Mimi nikafunga mdomo. Kazi ngumu kuliko kukata.

Ijumaa, 16 Mei
Ameenda. Uji kamaliza. Sijamuuliza kitu. Nimeshona kola ya mtu kinyume, nikafumua.

Jumapili, 18 Mei
Wenzangu wote na sare. Mimi na gauni la bluu, benchi la nyuma. Mama mchungaji kauliza, nikasema kitambaa kilikataa. Nimeombea jaribio tu. Wagonjwa nimewasahau. Nisamehewe.

Jumanne, 20 Mei
Karatasi imerudi. Amefaulu. Yuko katikati, si juu. Trapeza kaichanganya na msambamba. Kuakisi kapata. Kuhamisha kapata. Kuzungusha kapata. Nimelia jikoni.

Baba yake akapiga. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga yote, Nyangi akaomba simu. "Baba, nimefaulu. Nataka kubaki shule." Sauti haikutetemeka. Yangu ingetetemeka.

Baba yake akasema, "Basi kaa na mama yako. Ila dada yangu mumfikirie."

Jumamosi, 24 Mei
Mvua kidogo hapa Makoko, inatoka ziwani. Nyangi bado amelala, sijamwamsha.

Nimemfikiria wifi wiki nzima. Furaha yangu imemwacha peke yake na mguu wake. Nimemwandikia kwenye simu. Mtoto anasoma, wifi, nitakuja mimi, na Ghati mgongoni. Nitakaa mpaka uweze kusimama. Hapa Nyangi na bibi yake wataangaliana. Cherehani itapumzika.

Nikamalizia hivi: nijibu upesi, wifi, nijue kama nibebe na unga au sato tu.