Desemba Hakuna Anayeondoka

Jumatatu, 1 Desemba
Nimetuma gazetini habari ya uchimbaji mchanga Kiritiri. Jioni mke wangu Muthoni ametandaza ramani ya Santo Domingo, mji wa Karibiani, mezani, sahani zikasogezwa. Huko majira haya wanayaita ya baridi. Lakini joto lake ni kama la Gachoka, kwetu kunakochoma. Anataka kuona kanisa kuu la kale, mapango yenye maji, ngome iliyo mdomoni mwa mto. Amefundisha historia ya utumwa hadi kustaafu, hajawahi kuona waliposhushwa watumwa hao. Tunaondoka tarehe kumi na saba. Tiketi hazibadilishwi.

Jumatano, 3 Desemba
Mdogo wangu Njiru amepiga simu. Ngurario yake, siku ya kukata mbuzi na kukamilisha ndoa, ni tarehe ishirini, Manyatta, kwa wakwe. Hakuniuliza. Desemba watu wa kwetu hurudi nyumbani; haikumjia akilini kwamba kuna anayeondoka. Wakwe wameshaalika. Baba hayupo, mkubwa ni mimi. Bila mimi mbuzi hakatwi.

Alhamisi, 4 Desemba
Nimemwambia Muthoni. Amekunja ramani.

Jumapili, 7 Desemba
Kiritiri na Muthoni, kwa baba mdogo, Mzee Nyaga. Nimemwomba akae mahali pangu. Amekataa.
"Kwani hiyo bahari itakauka?"
Muthoni akaweka kikombe chini. "Na mbuzi nao, mzee, wataisha?"
Mke wa Nyaga alicheka hadi akatoka nje. Mzee akasema mwanamke na aende atakako, kigoda cha baba hakisafiri. Ilikuwa kejeli. Muthoni akamshukuru.

Ijumaa, 12 Desemba
Muthoni anakwenda peke yake. Amesema mara moja, akikunja nguo. Dada zangu wanataka nimzuie. Nimetafuta sababu. Ninao wivu tu.

Jumatano, 17 Desemba
Nimemfikisha uwanja wa ndege. Alinipa mkono kama mwenzangu wa kazini. Nimerudi Embu kuandika habari ya ukame.

Jumamosi, 20 Desemba
Manyatta. Manyunyu. Njiru alikata bega la mbuzi, akina mama wakapiga vigelegele. Waliniuliza Mama Wawira, yaani Muthoni, yuko wapi. Nikawaambia. Wengine walidhani natania.

Muthoni ametuma picha: barabara ya mawe, viatu mkononi, anacheka. Sijui nani aliyempiga picha. Nimemwandikia kwamba shughuli imekwisha salama. Amejibu: vizuri.

Sikumuuliza kama ananikumbuka. Nimerudi nyumbani, nimevua koti, nikaketi mezani peke yangu.