Mipingo ya Mstari wa Nne

Jumanne, 13 Julai 1993

Baridi ya Miyuji leo haina huruma. Miche ya mpingo hapa kitaluni inageuka njano! Viriba mia mbili, vifuko vya plastiki vyenye udongo, mistari minne. Niliipanda mwenyewe Januari, mbegu za ule mti mmoja wa Nzuguni. Mgeni wa mradi alisema Ulaya mpingo wanatengenezea zumari. Zumari! Mti mgumu hivi unatoaje sauti laini? Nimemwuliza bosi, Bwana Sostenes. Kasema nimwagilie, niache maswali.

Alhamisi, 5 Agosti

Majani hakuna. Namwagilia asubuhi na jioni — vijiti vinazidi kukauka. Nimevunja kimoja: ta! Sostenes anasema maji yangu ndiyo yameiua. Roho inaniuma. Lakini miarobaini naimwagilia vilevile, mbona haifi?

Jumatatu, 20 Septemba

Mti wa Nzuguni umekatwa. Siku hizi kila mtu mfanyabiashara wa magogo. Nimekuta kisiki tu: katikati cheusi tii, pembeni njano. Nimekishika muda mrefu. Basi mbegu zake hazipo tena. Watoto wake ni wale niliowaua mimi.

Ijumaa, 22 Oktoba

Mfadhili kaondoka, kitalu kijitegemee, wateja wanataka miarobaini. Kesho lori linaleta miche midogo; viriba vya mpingo vimwagwe, vitumike. Nimeomba wiki moja. Sostenes kacheka: eti marehemu anaombewa dua, haombewi wiki.

Jumamosi, 23 Oktoba

Tangu asubuhi nimemwaga mistari mitatu, mizizi nikaitupa juani. Saa sita Mama Zipora, mwenzangu wa kitaluni, karudi kutoka msibani kwao. Kaona lile rundo — kapiga ukelele! Kachunga mbuzi Ugogoni utoto wake wote. Anasema mpingo mchanga kila kiangazi hukauka kijiti, mzizi unalala tu, mvua zikikaribia unachipua. Kila mchungaji anajua!

Mbona hukusema miezi yote hii, mama?

Eti alijua najua, si nina cheti cha misitu? Na nani alimwuliza?

Mimi, ninayeuliza hadi mambo ya zumari! Kwake sikuuliza hata siku moja. Aibu.

Nimekwangua mzizi mmoja kwa ukucha. Ndani mbichi. Wa pili, mbichi! Wa tatu una chipukizi la kijani, dogo kama punje ya uwele, limeshaanza kunyauka.

Saa saba na nusu. Naandika stoo, magunia niliyolowesha yamejaa mizizi. Lori limepiga honi getini. Namsikia Sostenes anauliza mbona mstari wa nne bado. Mama Zipora kakaa chini mbele ya viriba vya mstari huo, miguu kainyoosha. Anamjibu taratibu kwamba amechoka na msiba, hanyanyuki leo.

Sostenes ananiita mimi sasa.

Bado nakwangua. Mzizi wa nane, mkavu. Wa tisa —