Babu wa Dirishani

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeamua. Tunakwenda! Ile bustani ya mabembea, yenye treni inayowapindua watu vichwa chini. Watoto wameimba tangu chai ya asubuhi. Mume wangu naye kapewa likizo, atashusha mzigo, ataliacha lori kwa tajiri wake na kurudi Ijumaa ya wiki ijayo. Jumamosi tunaondoka.

Wifi anataka nipitie kwa wakala wake. Anauza kifurushi: basi, hoteli, kiingilio, chakula, vyote pamoja. Kifurushi! Kama vile vya simu, vinaisha hujamaliza hata salamu. Huyo dada wa wakala akanipigia mwenyewe. Maswali kama polisi — nani na nani, wana miaka mingapi, yupi anaumwa magoti, yupi hawezi ngazi. Nikamwambia dada, mimi naenda kwenye bembea, siendi kuposwa. Nikakata.

Simu ninayo, macho ninayo. Nitapanga mwenyewe.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemaliza! Hapa hapa kwenye cherehani, kati ya sare moja ya shule na nyingine. Basi huku, hoteli kule, kiingilio kwingine. Mtandao hauna umbea: wakubwa wangapi, watoto wangapi, majina, kwisha. Wakubwa wawili, watoto watatu. Hakuna aliyeniuliza magoti ya mtu.

Mume kapiga simu kutoka njiani. Nikaweka spika, mikono ilikuwa kwenye kitambaa. Anauliza, Babu yumo? Yumo! Basi mweke dirishani, anapenda kutazama nje. Nikamjibu nimeshamweka dirishani, tena kiti cha mbele.

Mwanangu wa mwisho ndiye Babu wetu. Kapewa jina la baba mkwe, jina zima mpaka la ukoo. Nyumba hii ukiita "Babu!" wanaitika wawili — mmoja anakimbia, mwingine anakohoa. Tumezoea kucheka.

Baba mkwe alikuwa hapo hapo sebuleni na redio yake. Niliona ameipunguza sauti.

Ijumaa, 8 Agosti

Baba kaniletea suruali yake ya kijivu nimpunguzie. Asije akajikwaa mbele za watu, anasema. Nikamtania: watu gani hao baba, unaoa? Akacheka mpaka akashika ukuta. Nimeipunguza, nimeipiga na pasi. Sikuuliza zaidi, sare zimenijaa mpaka shingoni.

Wifi nimemtumia picha ya tiketi. Ajue na sisi tumo.

Jumapili, 10 Agosti

Baba kanyolewa. Viatu kavitia soli mpya. Kinyozi kanisimamisha barabarani, eti mzee wenu siku hizi ana maringo! Labda ana kikao na wastaafu wenzake.

Nikumbuke kumpa funguo za akiba, na kumwonyesha jiko jipya la gesi linavyowashwa.

Alhamisi, 14 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Nilimpelekea baba funguo. Amekaa kitandani, begi liko wazi miguuni, suruali ya kijivu imekunjwa juu kabisa. Akazipokea, akazigeuza geuza. Akasema, hizi si tumpe jirani, mwanangu? Nyumba itabaki na nani?

Yeye akaendelea. Kile kiti cha dirishani kiko upande wa jua? Kofia anayo, anauliza tu. Treni ya kupinduka hapandi ng'o, ila atatushikia mabegi na kumtazama Babu mwenzake akizunguka. Tangu mama mkwe atutoke hajatia mguu nje ya mji huu. Halafu akasema taratibu: nilidhani mtaniacha nilinde nyumba.

Nikamwambia, hata, baba. Hata! Kwa mdomo wangu huu.

Laiti ningekuwa nimemsahau, ingekuwa nafuu. Sikumsahau. Nilimhesabu pamoja na nyumba: mlango, gesi, mzee. Na suruali nimeipunguza mwenyewe.

Ijumaa, 15 Agosti

Sare sijagusa leo. Kiingilio: kimekwisha. Basi: limejaa. Nikasema basi nitabaki mimi, aende kwa tiketi yangu — jina halibadilishwi. Nikapiga simu kote kutatu. Kote ni mashine, bonyeza moja, bonyeza mbili, muziki. Nilikuwa natamani mtu mmoja tu aniulize chochote, hata hayo magoti.

Nikajishusha, nikampigia dada wa wakala. Hakunicheka. Afadhali angenicheka! Nafasi zake ziliisha wiki iliyopita. Akaniambia pole dada yangu, ndiyo maana huwa nauliza mmoja mmoja, watu husahau waliokaa nao karibu.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Huku kwetu mjukuu na babu wana jina moja.

Mume kafika jioni. Hajaweka begi chini, baba keshamwambia: nina dirisha! Mume akanitazama kama enzi zile za uchumba. Jikoni akaninong'oneza asante, kwamba alikuwa anaogopa kuniomba baba yake aende, ndiyo maana kwenye simu aliuliza kwa mkato. Nikamimina chai. Nilitaka kusema. Ikafurika mpaka kwenye kisahani na bado sijasema.

Mwoga mimi. Mdomo wote huu ninaotukania mawakala!

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nimekaa ukingoni mwa beseni la kuogea, mlango nimeutia komeo. Nje teksi inapiga honi.

Tiketi tano mkononi. Moja ina jina lao, jina zima mpaka la ukoo. Chini yake kwa herufi ndogo: mtoto. Nimeisoma na kuisoma, kana kwamba nikiisoma sana itabadilika.

Nitasema nikitoka. Nianze na mume. Hapana, nianze na baba, yeye ndiye aliyekosewa. Nimpigie magoti. Na huyu mdogo, aliyelala na viatu vyake vipya kitandani, naye nimwambie nini? Mungu wangu, leo hii naumbuka, na ni haki yangu.

Sasa mume anaita kutoka barabarani, sauti yake imejaa furaha: "Babu apande kwanza, akae dirishani!"

Nasikia viatu kwenye korido. Vidogo vinakimbia. Vya soli mpya vinafuata nyuma, haraka kuliko kawaida yake.