Bunduki ya Twila

Bonde la Slate, Virginia
3 Machi

Kaka Verlin,

Habari za Ohio, na mgongo wako unasemaje? Huku tu wazima, mimi na kuku. Simu bado haishiki bondeni, ndiyo maana unaona mwandiko wangu mbaya.

Jumapili nikiwa kanisani mtu aliingia kwa dirisha la jikoni. Kachukua shotigani ya baba, ile bunduki yake ya kuwindia, msumeno wa mota, na dawa zangu za maumivu ya nyonga. Kisha, bila haya, akakaa mezani kwangu akala maharagwe na mkate wa mahindi, akaosha bakuli na kulifunika juu ya kijiko! Mwizi mwenye adabu, umewahi kusikia? Hasira haijaniisha hata sasa.

Nataka bunduki. Nina dola mia sita na bega la mwanamke anayebeba masufuria ya shule mwaka wa ishirini huu. Ninunue ipi? Na usinianzie habari za kuhamia Ohio. Baba na mama wamelala hapa mlimani, sitoki.

Dada yako,
Twila

Dayton, Ohio
11 Machi

Dada Twila,

Barua imenikuta mzima, ukiacha tumbo, ambalo mke wangu Janine anasema limeshastahili anwani yake lenyewe. Nimesoma, nikapiga meza, kahawa ikamwagika, nikafokewa.

Sasa nisikilize mimi, mtu aliyewahi kununua darubini ghali kuliko bunduki yenyewe, akamkosa kulungu aliyesimama kama anapigwa picha. Ya kuwindia usinunue. Itakuvunja bega, na risasi yake itatoboa ukuta iende kumsalimia jirani. Tafuta ile fupi inayotumia risasi za bastola. Haipigi teke, na risasi zake ni rahisi, kwa hiyo utafanya mazoezi badala ya kuitazama tu. Jina la kampuni lisikubabaishe, mradi haikwami. Hata ya mtumba sawa, ila akufungulie uchungulie mtutu mpaka mwisho.

Vifaa: mkanda wa begani, magazini ya akiba ya kujazia risasi, na tochi ya kufunga mbele, kwani hupigi usichokiona. Darubini achana nayo, hata muuzaji akikulilia. Pesa itakayobaki yote iwe risasi za mazoezi.

Na huyo mshenzi akirudi, usipige hewani. Lenga katikati ya kifua. Mtu anayemwibia mwanamke dawa zake hakuzaliwa, aliokotwa.

Chumba chako hapa kipo. Haya, nimenyamaza.

Kaka yako,
Verlin

Bonde la Slate
29 Machi

Kaka,

Natumaini mu wazima, na tumbo lako nalo nalisalimu.

Nilikwenda dukani. Kijana wa kaunta kaniletea bunduki ya rangi ya waridi.

"Hii mama wengi wanaipenda."

"Kwani inapiga waridi?"

"Basi mzee nyumbani anapendelea ipi?"

"Mzee nyumbani ni mimi. Lete ile nyeusi ya mtumba, na mkanda, na tochi. Ukitaja darubini naondoka."

Nimefanya mazoezi nyuma ya banda. Debe la mafuta sasa ni chujio. Ungeona ungeacha kunicheka.

Lakini jana, baada ya kula, nilifunika bakuli juu ya kijiko, nikasimama pale pale, maji yanatiririka. Verlin, nani hufanya hivyo? Mama alitufundisha, nzi wasikanyage kijiko. Jirani wote hapa huanika vijiko kwenye kikombe. Waliobaki duniani wanaofunika kijiko kwa bakuli ni mimi, wewe, na mwanao Denver, niliyemlisha mezani hapo kila kiangazi. Na komeo la dirisha lile liliharibika akiwa na miaka kumi. Yeye ndiye aliyeliharibu.

Nilikuwa na hasira na mtu nisiyemjua, nikalala vizuri. Sasa silali. Hebu niandikie tena ile sehemu ya kifua.

Dada yako,
Twila

Dayton
4 Aprili

Twila,

Sina salamu.

Mwanangu unamwita mwizi kwa sababu ya bakuli. Aliumia kazini, wakampa vidonge, akavizoea, akaviacha. Ameviacha! Yuko Columbus, anaezeka mapaa, Krismasi alinipigia. Wewe hukuzaa, ndiyo maana mdomo wako hauna breki.

Usiniandikie.

Verlin

Bonde la Slate
21 Mei

Kaka Verlin,

Salamu hukutaka, nakupa hivyo hivyo. Janine mpe mara mbili.

Jumapili nililipeleka gari langu kanisani kama kawaida, nikalipaki mahali pa kuonekana, nikarudi kwa miguu kupitia msituni. Nikakaa jikoni. Akaja mchana kweupe, kwa dirisha lile lile. Nililenga kama ulivyoniandikia.

"Shangazi, usipige! Ni mimi!"

"Najua ni wewe, mpumbavu! Unadhani mikono hii inamtetemekea nani?"

Hana hata kilo hamsini, Verlin. Krismasi alikupigia kutoka kituo cha mabasi. Shotigani ya baba ameiuza, msumeno ameuuza. Nilimtukana mpaka sauti ikakauka, nikamtukana kwa mikono. Halafu nikampashia chakula, nikachukia kumpashia. Zahanati ya mjini ya kuachisha vidonge wamemwandikisha, nafasi itapatikana wiki ijayo. Sasa amelala chumba chako cha zamani. Sijamsamehe. Wewe pia sijakusamehe, yale ya kutozaa.

Nilipomfunika blanketi ndipo nikaona kwamba katika vifaa vyote ulivyonitajia, fundi wangu wewe, kufuli hukulitaja. Nimenunua sanduku la chuma. Bunduki imo, imefungwa. Nyumba moja haiwezi kubeba bunduki iliyo wazi, kijana wa vidonge, na mwanamke mwenye hasira niliyo nayo leo.

Ufunguo umo ndani ya bahasha hii. Sikuacha mwingine. Usithubutu kuurudisha kwa posta. Ulete wewe.

Dada yako,
Twila