Alama Mbili za Chaki

Jumanne, 9 Desemba. Soweto, Mbeya

Chai, kufagia uani, kisha kadibodi. Nimekata msalaba mdogo kwa vipimo vya ule wa baba. Wake ni wa zege, mzito. Jumamosi tunausimika kaburini kwake, Ilula. Wa babu ulivunjikia mikononi mwa wanaume, ukoo mzima ukitazama. Mama alilia upya. Huu usivunjike.

Nimetumia kanuni ya Mgiriki mmoja wa kale kuhusu uzito, ninayoifundisha darasani kila mwaka. Mti wa kusimama una kitovu chake cha uzito, wa kulala una chake. Cha msalaba mzima kiko kati ya hivyo viwili, karibu na cha mti ulio mzito zaidi. Jibu la kwanza nimekosea. Nimelipiga mstari, nikaandika la pili pembeni. Baba hakuturuhusu kufuta makosa.

Kadibodi imetulia juu ya ncha ya kalamu. Nimefurahi kama mtoto.

Alhamisi, 11 Desemba. Ilula

Nimefika jana. Msalaba umelazwa nyuma ya nyumba, juu ya magunia. Nimepima, nimetia alama ya chaki. Hapo ndipo ifungwe kamba, na kamba ining'inie kwenye mti wa kubebea.

Kaka Zabroni kanicheka. Eti makaburini hakuna ubao, mwalimu. Anataka wanaume sita washike mikono ya msalaba, basi. Ndivyo walivyofanya kwa babu. Nina hasira naye.

Ijumaa, 12 Desemba

Mama kaamua tujaribu kwanza hapa nyumbani. Kamba kwenye chaki yangu, wanaume wakainua kidogo. Mguu wa msalaba ukashuka, puu, chini. Haukupasuka, ashukuriwe Mungu. Zabroni akaanza kukunja kamba. Afadhali angecheka. Nimeingia jikoni kumenya viazi ambavyo hakuna aliyeviomba.

Jioni nikaupapasa kwa chini. Fundi kaunenepesha mguu, ile sehemu ya kufukiwa, ili usiyumbe. Kadibodi ina unene mmoja tu. Nilipima urefu na upana, unene sikuukumbuka. Aibu.

Nikamwambia Zabroni. Akaleta bomba la chuma, tukausogeza msalaba juu yake kidogo kidogo, hadi ncha zote mbili zikaacha kugusa chini. Kitovu kiko karibu na mguu kuliko nilivyodhani. Akanipa chaki.

Jumamosi, 13 Desemba

Umesimama. Kamba kwenye alama ya pili, wanaume wanne, ukaenda umelala sawa hadi kaburini. Zabroni ndiye aliyeamuru, ila kila mara alinitazama kwanza. Mchungaji akaomba. Shangazi akaanzisha wimbo, nikashindwa kuimba.

Alama zote mbili zilionekana. Zabroni akatoa kitambaa azifute. Mama akamshika mkono. Ziache, akasema, baba yenu alikuwa hafuti.

Jumapili, 14 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Mama kalala hadi saa tatu, si kawaida yake. Zabroni kaleta nyanya, kanywa chai, kaondoka. Chaki itakuwa imeshaoshwa. Msalaba upo.