Boriti ya Manowari

Mombasa,
9 Agosti 1996

Kwa mpenzi wangu Mama Beryl,

Leo ni mwaka na miezi minne tangu uniage pale stendi ya Kitale. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mtoto. Je, kifua cha mama kimetulia? Mimi napumua, namshukuru Mungu.

Siku hizi niko Mji wa Kale, tunatengeneza nyumba ya mjane aitwaye Bi Mejumaa. Vyumba vya huku ni vyembamba, maana upana hufuata urefu wa boriti za mikoko. Lakini chumba chake kimoja ni kipana, na mtaa mzima hufanyia harusi humo. Nilipouliza sababu, akanionyesha juu boriti moja nene, nyeusi, yenye matundu ya misumari. Boriti fupi za kila upande zimeegemea hiyo.

Akasema wazee wake walisimulia kuwa huo ni mti wa manowari ya matanga ya Wazungu, iliyoundwa miaka mia mbili iliyopita. Ujanani ilibeba mizinga, ikapigana mpaka ikatobolewa ubavu. Wakaishusha mizinga, wakaifanya hospitali ya mabaharia. Ilipozeeka ikauzwa, ikaletwa huku kubeba mchele, mwishowe ikavunjwa ufukweni.

Fundi Ngala, msimamizi wetu wa kazi, alitaka kuukata mti huo aweke zege. Bi Mejumaa akamwambia aanze kwa kukata mguu wake mwenyewe. Tulicheka sana. Kisha akasema kwa upole kwamba kazi ya vita ilikuwa ya miaka michache tu. Hii ya kushikilia paa juu ya maharusi ndiyo iliyodumu.

Machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi la chokaa.

Mama Beryl, kuna jambo nimekuficha. Mwezi wa Machi magunia yaliniporomokea bandarini. Mgongo wangu hauwezi tena mzigo wala jembe. Hapa napaka chokaa nikiwa nimeketi. Nimeogopa kukuandikia kwamba nitakurudia nusu mtu. Lakini naweza kupika, kumpeleka Beryl shule, na kukaa nawe jioni. Kama kazi hizo zinakutosha, nipokee.

Nisalimie mama na majirani. Bi Mejumaa naye anakusalimu, ingawa hamjuani.

Nitafika Jumamosi ya kwanza ya Septemba, kwa basi la asubuhi. Usishtuke ukiona utingo ndiye aliyenibebea begi.

Wako,
Baba Beryl
(Dishon Oloo)